Kufuga samaki wa maji matamu Lamu: tangi la lita 450 kwa anayeanza

Choo cha nyumba ya bibi yangu, Mkomani, kilikuwa na birika, na ndani ya birika waliishi samaki wanne watano, wadogo kuliko kidole cha mtoto. Hakuna aliyewalisha. Walikula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa palijengewa bakuli la kauri ili maji yakichotwa yakaisha, samaki wabaki na kidimbwi chao. Nyumba nyingi za mawe za hapa Lamu zilikuwa na birika la namna hiyo.

Miaka mingi baadaye nilinunua tangi la kioo la lita 60. Asubuhi nikajaza maji, jioni nikatia samaki kumi na wanane. Wiki haikwisha, walibaki watatu. Nikalaumu maji, nikamlaumu aliyeniuzia, nikamlaumu hata paka. Ilinichukua muda kuona kwamba birika la bibi lilikuwa na kila kitu ambacho tangi langu halikuwa nacho: maji mengi, samaki wachache, chakula kidogo, na maji mapya kila siku kutoka kisima kilekile. Haya ninayoeleza ni ya tangi kubwa la kioo, lakini hesabu yake ni ileile ya birika.

Watu humwambia anayeanza achukue tangi dogo kwanza, ajifunze. Mimi namwambia achukue kubwa akiweza. Samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe katika lita 60, maji yanaharibika usiku mmoja. Katika lita 400 unapata siku mbili tatu za kugundua. Joto nalo hupanda na kushuka polepole. Ubaya wa tangi kubwa ni uzito na gharama, basi tuanze na uzito.

Vipimo, uzito na mahali pa kuliweka

Tangi ninalolizungumzia lina urefu wa sentimita 150, upana 50 na kimo 60. Zidisha, utapata lita 450. Ukitoa nafasi ya mchanga, mawe na ule upenyo wa juu, maji halisi ni kama lita 400. Hizo ni kilo 400. Kioo cha milimita 12 kitakuwa na kilo 90 na kitu. Mchanga kilo 60, mawe 40 au zaidi. Ongeza meza yake, umeshapita kilo 600, zote zimesimama mahali padogo kuliko kitanda cha mtoto.

Kwa hiyo usilipandishe ghorofani. Dari za nyumba zetu za zamani zimelala juu ya boriti za mikoko, na boriti hizo hazizidi sana mita tatu, ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba. Juu yake kuna mawe na chokaa ambavyo tayari ni mzigo. Boriti ambayo mchwa ameila kwa ndani haikwambii lolote mpaka siku yake ifike. Weka tangi sakafu ya chini, kando ya ukuta mnene, na sehemu isiyopigwa na jua. Kiwanda cha nyumba, pale katikati penye uwazi, panavutia kweli, lakini jua la saa mbili tatu kwa siku litageuza maji kuwa supu ya kijani.

Tazama na ukuta wenyewe. Chokaa inayomomonyoka ikidondoka majini hupandisha pH ya maji (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi imepungua), na chokaa mbichi ni mbaya zaidi. Kama ukuta umepakwa karibuni, ngoja ukauke kabisa, na hata hivyo tangi liwe na kifuniko. Kifuniko utakihitaji kwa sababu nyingine pia: paka wa Lamu hawahitaji utambulisho.

Meza ya tangi iwe ya matofali ya saruji au mbao nene. Fundi seremala akikwambia meza ya televisheni itatosha, mshukuru umuage. Pima kwa pimamaji, urefu na upana, kisha tandika ubao ule mweupe mwepesi unaokuja ndani ya masanduku ya televisheni na friji, unene wa sentimita moja au mbili. Chembe moja ya kokoto chini ya kioo inaweza kukipasua siku maji yanapojaa, na ubao huo humeza makosa madogo ya aina hiyo.

Kulifikisha nyumbani

Gari hufika Mokowe, halafu ni boti, halafu ni mahamali au punda katika vichochoro ambamo watu wawili wenye ndoo hupishana kwa kubanana. Pima mlango wako na kila kona ya kichochoro kabla ya kulipa chochote. Njia iliyonifaa mimi ilikuwa kuagiza vioo vilivyokatwa tayari, vije vimesimama wima ndani ya fremu ya mbao, kisha fundi wa vioo akaviunganisha humo humo chumbani, juu ya meza yake. Silikoni iwe ile safi isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo huua samaki pia. Kingo zote zipigwe msasa, na juu ya tangi pawe na mikanda ya kioo ya kuzuia vioo virefu visipinde. Kazi hii usiifanye mwenyewe mara ya kwanza, wala usimpe fundi ambaye hajawahi kutengeneza tangi la ukubwa huu.

Silikoni ipumzike siku saba. Jaza maji, liache siku mbili, pitisha karatasi kavu ya choo kwenye kila kiungo. Karatasi ikilowa, mwaga maji, urudi kwa fundi. Kuvuja hakujitibu.

Maji yako ni ya aina gani

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo samaki huamuliwa. Maji ya mji wa Lamu yanatokana na mvua inayochujwa na milima ya mchanga ya Shela, kisha inavutwa kutoka visimani. Yana chokaa nyingi, na visima vingine, hasa vilivyo karibu na bahari au vinavyovutwa kupita kiasi, vina chumvi. (Kwa sababu hiyo hiyo, usichote mchanga wa Shela kwa ajili ya tangi. Milima ile ndiyo mtungi wetu.)

Nunua vipimo viwili: kimoja cha TDS, kile kama kalamu kinachopima madini na chumvi zilizoyeyuka majini, na boksi moja la vipimo vya matone vya pH, amonia, naitraiti na naitreti. Vipimo vya karatasi ni rahisi kutumia lakini husema uongo mara nyingi. Maji ya kisima changu yana pH karibu 8. Kama TDS yako iko chini ya 1000, samaki wanaopenda maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, wataishi vizuri. Ikizidi hapo kwa mbali, na ulimi unaonja chumvi, changanya na maji ya mvua. Mwenye jabia au tangi la kuvunia mvua ana hazina: maji ya masika ni laini, karibu hayana kitu ndani yake, na nusu kwa nusu hurekebisha kisima kibaya.

Kama ni maji ya mfereji, yatakuwa na klorini. Yaache kwenye pipa lililo wazi usiku na mchana, yakiwa yanatiwa hewa na pampu ndogo, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauza samaki.

Kuna jambo moja la maji ya pwani ambalo waandishi wa nchi za baridi hawalitaji. Joto letu hupunguza maji ya tangi haraka, na yanayopaa ni maji matupu. Chumvi na chokaa hubaki. Ukijazia kwa maji ya kisima kila siku, baada ya miezi michache utakuwa na maji mazito kuliko kisima chenyewe. Jazia kilichopungua kwa maji ya mvua. Maji ya kisima yaache kwa siku ya kubadilisha, ambapo unatoa mengine kwanza.

Filta, hewa na umeme

Filta ipitishe maji ya tangi lote mara nne hadi tano kwa saa, kwa hiyo tafuta ya lita 1600 hadi 2000 kwa saa. Mimi nina filta ya nje, ile kama ndoo yenye mfuniko inayokaa chini ya meza, ndani yake kuna sponji na vipande vya kauri. Pamoja nayo nina sponji mbili kubwa zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Kwa nini vyote viwili? Maji yakiwa na joto la digrii 30 hushika oksijeni kidogo kuliko maji ya digrii 24, na wakati huo huo samaki huhitaji zaidi. Hita hatununui. Shida yetu ni kaskazi, ile Februari na Machi ambapo maji ya tangi hufika digrii 31. Hapo elekeza feni ndogo juu ya maji, funika kwa wavu badala ya ubao, ongeza mapovu. Feni itakupunguzia digrii moja au mbili. Usitarajie miujiza, hewa yetu ina unyevu.

Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri ni kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya taa nzuri. Kukatika saa moja si tatizo. Kukiendelea saa nne tano, maji yaliyofungiwa ndani ya filta ya nje huoza kwa kukosa hewa. Usiiwashe tu umeme ukirudi: mwaga maji yake kwanza, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Nyaya zote ziteremke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone linalotiririka kwenye waya lidondoke sakafuni. Na hewa ya chumvi hula plagi. Zikague kila mwezi.

Taa ya LED saa nane kwa siku inatosha.

Mchanga na mawe

Mchanga wa mto unaoletwa kutoka bara kwa ujenzi unafaa. Uoshe ndoo kwa ndoo mpaka maji yatoke meupe. Kwa tangi hili ni kazi ya asubuhi nzima, na watoto wa mtaa watakusaidia kama unawaruhusu kulowana. Mawe ya matumbawe yanayochongwa Maweni, kule Manda, yanapatikana kila jengo linapojengwa na yanafaa kwa samaki nitakaowataja, kwa kuwa yanashikilia pH juu. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, likamulie ndimu: likitoa povu, lina chokaa. Usivunje matumbawe hai baharini.

Panga mawe juu ya kioo cha chini kwanza, yakiwa yameegemeana imara, na chini yake kipande cha ule ubao mweupe. Halafu ndipo umwage mchanga, sentimita nne au tano. Ukianza na mchanga, samaki wanaochimba watafukua chini ya mawe, na jiwe litaangukia kioo saa nane usiku.

Wiki tano bila samaki

Tangi limejaa, taa inawaka, filta inanguruma, na ndani hamna kitu. Jirani yangu alikuwa akija kila jioni, anachungulia, anatikisa kichwa. Subiri.

Samaki hutoa amonia, kwa mkojo na kwa mashavu, na chakula kinachooza pia hutoa amonia. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Bakteria hao huishi kwenye sponji, kauri, mchanga na mawe, na katika tangi jipya hawapo wa kutosha. Samaki wangu kumi na watano waliuawa na amonia yao wenyewe.

Kwetu jambo hili ni kali zaidi. Amonia majini ina sura mbili, moja nyepesi inayopenya mashavu na kuua, nyingine isiyo na madhara makubwa. Katika maji ya pH 7 na joto la digrii 28, ile ya kuua haifiki hata moja katika mia. Katika pH 8.2, joto lilelile, ni karibu kumi katika mia. Kipimo kinachosomeka kidogo kwa mfugaji wa mahali kwingine, kwako ni hatari.

Nenda sokoni ukanunue kamba wanne watano, uwatie kwenye soksi nyembamba, uwatumbukize. Ndani ya siku chache amonia itapanda na chumba kitanuka. Watu wa nyumbani waambie mapema. Wiki ya pili au ya tatu naitraiti itatokea. Kamba wakishaoza toa soksi, na kila siku tupia chembe za chakula cha samaki kana kwamba wapo. Ukiwa na rafiki mwenye tangi lenye afya, mwombe akukamulie sponji yake chafu ndani ya tangi lako: tope lile ni zawadi, linaweza kukuokolea nusu ya muda. Joto letu nalo husaidia, bakteria hupenda digrii 28.

Siku amonia na naitraiti zote zinasoma sifuri, na zinabaki sifuri wiki nzima huku ukiendelea kutupia chakula, tangi limeiva. Badilisha nusu ya maji kupunguza naitreti. Sasa nenda kwa samaki.

Samaki gani

Maji yetu yanafanana na ya Ziwa Nyasa kuliko yanavyofanana na mito ya Amazon. Samaki wa miamba wa ziwa lile, wanaoitwa mbuna, wanapenda pH ya karibu 8 na maji magumu, na rangi zao hazina deni kwa samaki wa baharini. Anza na wapole wao: Labidochromis caeruleus, wa manjano, na Iodotropheus sprengerae, wa zambarau iliyochakaa. Wote hufika sentimita kumi hivi. Lita 400 zitabeba ishirini hivi wakikua, dume mmoja kwa majike watatu au wanne, na mawe mengi ya kujifichia. Walishe chakula cha majani, chenye spirulina, aina ya mwani. Nyama nyingi huwaharibu matumbo.

Asiyetaka ugomvi achukue gapi, molli na plati. Molli huvumilia hata maji yenye chumvi kidogo, na wote huzaa bila kuombwa. Usiwachanganye na mbuna.

Wengine hawatufai. Neoni, wale wadogo wa Amazon, wanataka maji laini. Samaki wa dhahabu anataka baridi, atahangaika kaskazi. Oscar hufika sentimita 30 na humeza wenzake. Na yule mdogo wa fedha anayeuzwa kwa jina la papa, Pangasius, akiwa mzima huzidi mita moja: utamweka wapi? Samaki uliowachoka usiwatupe kisimani wala kwenye madimbwi ya mvua bara.

Safari ya samaki na saa ya kwanza

Kutoka Mombasa ni basi la siku nzima mpaka Mokowe. Mwambie muuzaji asiwalishe siku mbili kabla, mifuko iwe miwili, mmoja ndani ya mwingine, theluthi moja maji na iliyobaki oksijeni, ndani ya boksi la kuhifadhia baridi, lililofungwa. Lisikae juani gatini wakati unabishana na hamali.

Utaambiwa na wengi udondoshee maji ya tangi ndani ya mfuko saa nzima ili samaki wazoee. Kwa safari fupi, sawa. Kwa safari ya siku nzima ni makosa. Ndani ya mfuko samaki wamepumua kaboni dayoksaidi nyingi, ambayo hushusha pH, na kwa hiyo amonia iliyojikusanya imekaa katika ile sura isiyodhuru. Ukifungua, gesi hutoka, pH hupanda, na sumu huamka papo hapo. Basi elesha mfuko tangini ukiwa umefungwa, dakika 20, joto lilingane. Ukifungua, tia vikombe viwili vya maji ya tangi, ngoja dakika tano, wachote kwa wavu waingie nyumbani. Maji ya mfuko yamwage nje. Zima taa, usiwalishe mpaka kesho.

Leta nusu ya samaki kwanza, nusu nyingine baada ya wiki tatu. Pima amonia kila siku katika wiki ya kwanza. Ikionekana hata kidogo, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo.

Kila wiki

Ndoo tano za lita 20 kutoka, ndoo tano kuingia. Nyonya kwa mpira kutoka mchangani, palipo na uchafu. Maji hayo ya zamani yamejaa mbolea. Mwasumini wangu na mndimu wa kiwandani hawajawahi kustawi hivi. Sponji suuza kwa maji yaliyotolewa tangini, mara moja kwa mwezi, moja wiki hii, nyingine wiki ijayo. Ukiisugua kwa sabuni umewaua bakteria, na unaanza tena na soksi ya kamba.

Lisha mara moja au mbili kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki wafunge. Mama mmoja wa mtaani hunichekesha kila akipita: "Mwanangu, hawa wapikwa lini?" Yeye hana neno. Wa kuchunga ni watoto wa wageni. Wakati wa Maulidi mmoja alivunjavunja hamri zima akalimwaga tangini kwa upendo, na nikashinda usiku nikibadilisha maji.

Ukisafiri wiki moja, samaki wazima wenye afya hawahitaji kulishwa kabisa. Ukizidisha hapo, funga chakula cha kila siku kwenye kikaratasi chake, mwachie jirani vikaratasi, na kopo lenyewe ulifungie kabatini.